Nilimwita Mwizi Fundi Aliyeniuzia Simu ya Mtumba

Ndugu yangu unayesoma, nina kosa na sitalizungusha. Kuna mtu Kariakoo alipigwa mpaka akapoteza jicho, na neno lililowaita watu waje kumpiga lilitoka kinywani mwangu. Hakuwa mwizi. Nilijua hakuwa mwizi wakati ule ule nilipokuwa nalitamka.

Jina langu silitaji, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Mengine yote yalitokea hivi hivi ninavyokueleza.

Mimi nauza magauni na mitandio, nina meza yangu barazani pale Kariakoo, jirani na barabara ya Msimbazi. Nyumbani ni Magomeni, chumba na sebule, na mke wangu Salma na binti yetu Nasra. Biashara ya siku hizi bila picha haiendi. Mteja yuko Mbagala, anataka alione gauni kwenye simu kabla hajapoteza nauli yake. Simu niliyokuwa nayo ilikuwa inapiga picha kama vile umesimama ndani ya moshi. Gauni jekundu linaonekana la kahawia, mteja akifika ananuna. Nikataka simu yenye kamera.

Mpya zenye kamera ya maana sikuziweza. Ndipo nikaenda kwa Idrisa.

Idrisa alikuwa fundi simu, mtu wa rika langu, anaishi Buguruni na mama yake. Alikuwa na kabati lake la kioo nje ya duka la vitambaa la Bi Zuwena, mama mmoja wa Kiarabu aliyezaliwa na kuzeekea Kariakoo. Tulijuana kwa salamu za asubuhi na kukopeshana chenji. Akanitolea simu moja, zile za kifahari za miaka ya nyuma, kioo kimejikunja pembeni, mgongo unang'aa. Wakati inatoka ilikuwa simu ya mabosi.

"Kaka, nakuuzia, lakini nisikilize," akaniambia. "Kamera ya hii mpaka leo inawazidi hawa wapya wa bei ya chini. Betri nimeweka nyingine, vitu vya mwenye nayo wa kwanza nimefuta vyote. Ila ndani imezeeka. Waliotengeneza wameshaacha kuipelekea apdeti, na apdeti ndiyo inayoziba matundu ya wezi. Ya picha za biashara na kupiga simu, utaitumia sana tu. Ya siri zako na hela zako, hapana."

"Sasa siri nitaweka wapi, kwenye sufuria?"

Akacheka. "Baki na ile ya mwanzo, hata kama ni mbaya. Na siku programu ikikuandikia kwamba simu hii haiwezi tena, usiokote nyingine mtandaoni. Njoo tuangalie."

Nikamwambia poa. Nilikuwa nimeshajitazama kwenye kile kioo, sikusikia kitu kingine.

Simu ilinifaa, sitaidanganya nafsi yangu. Picha zilikuwa safi, wateja wakaongezeka, na washikaji wakawa wananiita mheshimiwa. Simu ya mwanzo nikampa mdogo wangu. Kila kitu changu nikahamishia kwenye hii moja.

Miezi ikapita. Siku moja ile programu ya kutumiana ujumbe na picha ikaniandikia kwamba haifanyi kazi tena kwenye simu ya toleo langu. Wateja wangu wote wako mle. Kwa Idrisa ilikuwa ni kuvuka mtaa tu. Lakini alikuwa ameniambia, na mimi sikutaka aone kwamba alichoniambia kimetimia. Mshikaji mmoja wa sokoni akanirushia linki kwa meseji ya kawaida. "Weka hii, inakubali simu zote, hata meseji alizofuta mwenzako unaziona."

Nilipoiweka, simu yenyewe ilinionya kwamba si salama. Nikabonyeza kubali. Ikaomba iingie kwenye picha, kubali. Kwenye majina, kubali. Kwenye meseji, kubali. Ikafanya kazi vizuri kabisa.

Wakati huo Salma alikuwa Tanga anamuuguza mama yake. Alikaa kule muda mrefu, na mimi nikaanza kumsumbua anitumie picha. Unaelewa picha gani. Zile ambazo mke humtumia mume wake na hakuna mwingine anayepaswa kuziona.

"Baba Nasra, hiyo simu yako ya mtumba naiogopa," aliniambia.

"Simu iko mfukoni mwangu. Nani ataziona?"

Alikataa mara kadhaa. Nikanuna, nikawa sipokei simu zake. Mwishoni akatuma.

Salma akarudi, mama yake akiwa amepata nafuu. Jumamosi moja mchana nilikuwa nyumbani, nimetoka kula, Nasra yuko madrasa. Simu ikaita. Ni shemeji yangu, kaka yake Salma, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alikuwa anahema.

"Nani ametutumia picha za dada yangu? Baba amezipata. Baba, unanielewa?"

Namba ngeni ilikuwa imezituma kwa mmoja mmoja. Baba mkwe, mashemeji, wateja, jirani wa ukuta mmoja, mwalimu wa madrasa. Kila jina lililokuwa kwenye simu yangu.

Salma alikuwa anaosha vyombo uani. Nikamwita ndani. Sikumuuliza kitu. Nilimpiga kofi, akayumba, nikampiga la pili, mdomo wake ukagonga fremu ya mlango. Nilikuwa nasema, "Nani huyo? Ulimtumia nani?" na kila nikiuliza napiga. Nikamshika nywele. Damu ilikuwa inamtiririka kidevuni mpaka kwenye kanga. Jirani akagonga mlango, nikamtukana.

Salma hakupiga kelele. Alijishika ukutani akasimama, akaniambia maneno ambayo kila nikilala nayasikia.

"Picha hizo nilimtumia mtu mmoja tu duniani. Amesimama mbele yangu, ananipiga."

Hapo ndipo ningekaa chini. Mtu mwenye akili angeishika ile simu, angeitazama, angejiuliza ameweka nini humo. Mimi aibu ilikuwa inanichoma kama pilipili kwenye jicho, nilitaka mtu wa kumtwisha. Na mtu nikampata. Wiki ile ile nilikuwa nimemwachia Idrisa simu nusu siku nzima abadilishe tundu la chaji, na namba ya kufungulia nilimpa mwenyewe.

Nikatoka bila kumtazama Salma. Nikapanda bodaboda mpaka Kariakoo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Njiani nilipanga nitakachosema. Nikisema Idrisa kasambaza picha za mke wangu, watu watauliza picha gani, na wapo watakaotaka kuziona. Nikisema mwizi, hakuna atakayeuliza. Nililichagua neno hilo nikiwa na akili zangu timamu, upepo unanipiga usoni, nimeshika bega la dereva.

Nilimkuta ameinama, ana bisibisi, anafungua simu ya dada mmoja mteja. Alipoinua uso alitabasamu. "Vipi mheshimiwa, chaji inaingia?"

Nikampiga ngumi ya pua. Alirudi nyuma akaangukia kabati, kioo kikavunjika, simu zikamwagika chini. Nikamvuta kola mpaka nje, jua lilikuwa kali, mtaa umejaa watu. Nikapaza sauti.

"Mwizi! Mwizi huyu!"

Nilikuwa nimewahi kuona watu wakikimbilia mwizi, lakini sikuwahi kusimama katikati. Wanatoka kila upande. Muuza ndala aliacha ndala zake. Mbeba mizigo aliangusha robota begani akaja akikunja mikono ya shati. Hakuna aliyeniuliza kaiba nini. Teke la kwanza lilimpata mbavuni, nikasikia akitoa sauti kama ya kukohoa. Kisha sikuweza kumwona tena, niliona migongo tu.

"Jamani mimi fundi," alikuwa anasema. "Mnanijua. Mimi Idrisa fundi."

Na walikuwa wanamjua. Baadhi ya wale waliompiga aliwahi kuwatengenezea simu. Kijana mmoja mwenye fulana ya kijani alisimama juu ya mkono wake wa kulia kwa kiatu, akawa anausaga kama anazima sigara, huku mwingine anampiga mgongoni kwa nondo. Kuna mtu alirusha tofali. Lilimpata usoni, hapo ndipo jicho lilipokwenda. Nililisikia lile tofali, ndugu yangu. Lilikuwa na mlio wa kitu kilicholowa.

Aliponyamaza, wengine ndio wakazidi. Mtu akasema leteni petroli. Tairi bovu la pikipiki likaja linaviringishwa kutoka ng'ambo ya mtaa, na anayeliviringisha anacheka.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na damu ya Salma na ya Idrisa, zimechanganyika, hujui ipi ni ya nani.

Aliyemwokoa ni Bi Zuwena. Mama wa watu, magoti yenyewe mabovu, alipita katikati ya wanaume wenye nondo akajilaza juu ya Idrisa, baibui lake likachanika mpaka kiunoni. Wakamvuta, akang'ang'ania. Akainua kichwa, ushungi umemtoka, mvi zote nje.

"Haya, kaiba nini?" akasema. "Aliyeibiwa ajitokeze. Aje hapa aniambie mimi kaibiwa kitu gani."

Watu wakatazamana. Yule mwenye tairi akalisimamisha. Kwa mara ya kwanza tangu nifike pakawa kimya, na watu walikuwa wanamtafuta aliyeita mwizi.

Ningesema neno moja hapo. Ningesema tu, nimekosea. Nilirudi nyuma, nikapita kati ya meza za mabegi, nikaingia kichochoro cha pili, nikakimbia. Nilisikia gari la polisi linaingia nikiwa nimeshafika mbali.

Nyumbani nilikuta Salma hayupo. Amemchukua Nasra madrasa na kwenda kwa kaka yake Ilala. Kwenye sinki la uani vyombo vilikuwa nusu vimeoshwa.

Nilijiambia nimelipiza. Nilijiambia picha sasa zimekoma. Siku tatu hazikuisha, ile namba ngeni ikanitumia ujumbe mimi mwenyewe. Ilinidai hela, la sivyo zitaenda nyingine. Ili nijue hawatanii, waliambatanisha picha moja. Ilikuwa ya Nasra, niliyoipiga mwenyewe jana yake, nilipokwenda Ilala kumwona, amekaa ngazini kwa mjomba wake anakula embe.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Idrisa wakati huo alikuwa wodini, hajitambui, amefungwa bandeji kichwa kizima. Sokoni kila mtu alikuwa anaisimulia hali yake. Huyu aliyekuwa ndani ya simu yangu alikuwa ndani bado, jana alikuwamo, na leo yumo.

Nilimpelekea shemeji simu. Hakunikaribisha ndani. Aliishika pale mlangoni, akatafuta kidogo, akaniuliza, "Hii programu umeitoa wapi?" Nikamweleza habari ya linki. Akanirudishia simu.

"Kwa hiyo mlango uliufungua mwenyewe."

Salma alikuwa amesimama nyuma yake, mdomo una uzi wa kushonwa. Alikuwa amesikia pia habari za Kariakoo. Nikaanza kumwambia kwamba nilifanya vile kwa ajili ya heshima yake.

"Usiniweke mimi humo," akasema. "Mimi ulinipiga kwa ajili yako, na yule ukampigisha kwa ajili yako. Nenda kwa huyo mtu umwambie. Usipokwenda, niletee talaka yangu."

Sikwenda. Hilo nalo liandike kwenye makosa yangu. Nilingoja mpaka Idrisa akatolewa hospitali, na hata hapo niliahirisha, leo mvua, kesho mzigo umeingia. Ile simu niliipasua kwa nyundo, na waliodai hela sikuwajibu. Polisi waliulizia sokoni nani alianza, kila mtu akasema hakuona. Nilikuwa napita kwenye baraza la Bi Zuwena nikiangalia upande wa pili. Mahali pa kabati la Idrisa alikuwa ameweka kiti kitupu, hampi mtu mwingine pale.

Kilichonisukuma hatimaye si ujasiri. Niliacha kulala tu. Nikaenda Buguruni.

Mama yake Idrisa ndiye aliyenifungulia. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu." Alidhani ni mmoja wa wateja wanaokuja kumjulia hali, akanipa kiti, akaanza kunishukuru. Idrisa alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Jicho moja limezibwa. Mkono wa kulia vidole vimekauka vimejikunja, havifunguki. Mdogo wake, Shabani, fundi gari, alikuwa anakula.

Nikasema. Nilisema yote, na picha, na Salma, na neno nililolichagua kwenye bodaboda.

Shabani hakumaliza tonge. Alinirukia, sahani yake ikiwa bado inazunguka sakafuni. Alinipiga ngumi ya mdomo nikaanguka na kiti, jino likanitoka, akanikalia kifuani akawa ananipiga usoni kwa mikono miwili. Sikujikinga. Si kwamba nilikuwa shujaa. Niliona kama hapo sasa nitapumzika.

"Mwache," alisema mama yake. "Shabani, mwache. Humu ndani hapigwi mtu."

Shabani aliachia, akatoka nje, tukamsikia anapiga bati la uzio.

Idrisa ndiye aliyeongea, taratibu, taya lake halifunguki vizuri. "Nilikuwa najua ni wewe. Sauti yako si naijua."

"Mbona hukunitaja polisi?"

"Ningekutaja wakiwa wamejaa hapa majirani, usingefika kituoni. Mimi najua wanavyofanya."

Nililia. Mama yake hakulia. Aliniambia nifute damu, kisha akaniambia anachotaka. Hakutaka hela.

"Mwanangu ulimwita mwizi mbele za watu. Utarudi pale pale, mchana kweupe, ukamsafishe mbele ya watu hao hao. Na mimi nitakuwepo nasikia. Kisha uende polisi kwa miguu yako."

Tukaenda. Bi Zuwena alitoka dukani akasimama mlangoni, hakunijibu salamu. Nikapanda juu ya kreti la soda, mdomo umevimba, nikapaza sauti kwamba Idrisa fundi hakuwa mwizi, hakuiba kitu, mimi ndiye niliyemsingizia.

Ndugu yangu, nilipoita mwizi mtaa mzima ulikuja. Safari hii mbeba mizigo mmoja aliniambia, "Kaka, pisha njia." Dada mmoja aliinua simu anirekodi, akaona havutiwi, akaishusha. Yule kijana aliyekuwa na fulana ya kijani nilimwona, anapanga ndala kwenye meza. Alinitazama mara moja, kisha akainama akaendelea kuzifuta vumbi.

"Rudia," akasema mama yake Idrisa.

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Nilirudia mpaka sauti ikakatika, na waliosimama kunisikiliza walikuwa wanawake wawili tu, yeye na Bi Zuwena.

Polisi nilikwenda siku hiyo hiyo. Sasa hivi niko nje kwa dhamana, kesi inaendelea, na nikifungwa nitakwenda. Idrisa ufundi wa simu umeshamshinda, skrubu zile ndogo hazishikiki kwa mkono wa kushoto na jicho moja. Nampelekea ninachopata, mama yake anapokea, Shabani haniangalii. Salma yuko Ilala bado. Ananipa Nasra niongee naye kwenye simu, yeye mwenyewe hasemi nami. Baba mkwe wangu tangu siku ile hajatoka kuswali msikitini, anaswalia ndani.

Wewe unayetaka simu ya zamani, nunua, wala sikukatazi. Kamera inaweza kuwa nzuri, na anayekuuzia anaweza kuwa mtu mwema kuliko wewe. Muulize kama bado inapata apdeti. Akikwambia haipati, itumie kwa kazi na usiweke humo kitu ambacho kikitoka kitakuvua nguo wewe na watu wako. Programu ikikugomea, usiokote linki. Na mkeo akisema anaogopa, mwamini.

Lakini hilo la simu ni dogo. Siku umeumizwa, umeaibika, unatetemeka, umesimama katikati ya mtaa, na lile neno liko kwenye ulimi, nakuomba ulimeze. Ling'ate, hata kama ulimi utatoka damu. Likishatoka halirudi, hata upande juu ya kreti ulie mpaka magharibi.